Kadi Juu ya Kiti cha Bibi Paraska

Sehemu ya Saba

Kiti kilikuwa kitupu.

Lorne Petryshyn alisimama katikati ya behewa namba nne, kipande cha keki kikiwa bado mkononi, akakitazama kile kiti kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lenye jina lake. Blanketi limekunjwa vizuri. Kikapu hakipo. Koti jeusi lililokuwa likining'inia kando ya dirisha halipo. Bibi Paraska Dutchak, mwenye miaka sabini na minane, hayupo.

Na upande wa pili wa njia, Bwana Nels Ostby, ambaye kwa haki zote alipaswa kuwa ameshuka Carlow dakika arobaini zilizopita, alikuwa bado anakoroma.

Kwa msomaji aliyekosa gazeti la wiki jana kwa sababu ambazo hatutazisamehe, mambo yalikuwa hivi. Kwenye treni ya kuvuka mbuga za Kanada, mhudumu wa behewa huchomeka kadi juu ya kiti cha kila abiria, imeandikwa mahali anaposhuka. Hana haja ya kukariri sura za watu. Kituo kikikaribia anapita, anasoma kadi, anamwamsha mwenye kiti, anambebea mzigo, kwaheri. Vituo vingine ni vidogo kiasi kwamba treni haisimami kabisa mpaka kadi iseme kuna mtu.

Kadi ya Ostby ilisema Carlow. Kadi ya Bibi Paraska ilisema Zorya, mwendo wa saa moja na nusu mbele zaidi. Lorne, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akirudi shule ya bweni ya mapadri huko Edmonton baada ya kula Krismasi nyumbani, alizibadilisha.

Alikuwa na sababu nzito. Ostby alimvua Lorne kofia yake ya manyoya ya sungura mbele ya wasichana wawili wa Winnipeg, akauliza kwa sauti kama sungura mwenyewe alikubali kuitoa ngozi yake. Behewa zima lilicheka. Heshima ya ukoo wa Petryshyn ilidai kisasi, na kisasi kilikuwa kwamba Ostby apitishwe kituo chake akiwa usingizini, aamkie mbele ya safari akitukana. Basi. Mzaha mdogo, safi, usiomwaga damu.

Ila mtaalamu wetu aliifikiria nusu moja tu ya mpango. Nusu ya pili, yaani ile kadi ya Carlow iliyokwenda kukaa juu ya kichwa cha bibi kizee, hakuifikiria hata kidogo.

"Mzee Braithwaite!" alimwita mhudumu, aliyekuwa akija na ndoo ya makaratasi. "Yule bibi yuko wapi?"

"Bibi yako wa mikate? Nimemshusha."

"Wapi?"

"Ameshuka kwake, Carlow. Nimembeba ngazini kama yai." Mzee Clifford Braithwaite alicheka. "Mwanangu, yule mama ana maneno! Kanihutubia kwa lugha yenu mpaka treni ikapiga honi. Sikuelewa hata moja. Kisha akanibusu shavuni, mimi mtoto wa Barbados, akanipa mkate wa mbegu za popi. Nimeuweka nikale na chai."

"Hakuuliza kitu?"

"Ameuliza, nadhani. Alinionyesha nje. Nikamwonyesha kadi. Akakubali kwa kichwa, akashuka."

Bibi Paraska hakujua kusoma hata herufi moja ya Kiingereza. Vioo vya behewa vilikuwa vimeganda barafu nene kama kidole, hakuna aliyeona nje tangu asubuhi. Angejuaje? Mtu mwenye vifungo vya shaba amemwonyesha kadi, naye ameiamini.

Wala si hilo lililomtesa Lorne zaidi. Kilichomtesa kilitokea saa sita mchana, pale bibi alipomgawia mkate, akamshika kidevu na kumwambia kwa lugha ya kwao, Kiukraine: "Mimi nasinzia, mjukuu wangu. Hawa wote sielewani nao. Wewe ndiye macho yangu. Zorya ikikaribia, niamshe."

"Lala, Bibi," Lorne alijibu, mdomo ukiwa umejaa mkate wake.

Saa nzima baadaye alibadilisha kadi. Kisha akaenda behewa la chakula kula keki.

Carlow haina kituo. Ina kibanda cha mbao, na ghala refu la ngano lililofungwa tangu mavuno. Nje kulikuwa na nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri, na upepo.

Sasa, msomaji mwema atategemea kwamba Lorne alipiga magoti papo hapo na kukiri. Msomaji mwema hajawahi kusoma shule ya bweni. Huko mtu hufundishwa Kilatini, hesabu, na namna ya kusema ukweli bila kujitaja ndani yake.

Lorne alikwenda kumtafuta gadi.

Gadi McLeish, mkuu wa treni, alikuwa mezani kwenye behewa la chakula na makaratasi yake, sharubu zimelowa supu.

"Bwana McLeish, kuna bibi ameshushwa kituo kisicho chake."

McLeish hakuinua hata uso. "Na leo nani anajifungua?"

Watu wa meza ya jirani walicheka. Walikuwa na haki. Jana yake Lorne alikuja mbio kwenye meza ileile kutangaza kwamba kuna mama ana uchungu wa kuzaa behewa namba sita. McLeish alikwenda na taulo na maji ya moto, akamkuta muuza mashine za kilimo anakula soseji.

"Hii ni kweli, bwana."

"Ile ya jana pia uliapa. Kwa jina la mama yako, kama sikosei."

"Mama yangu asinione tena kama naongopa."

"Maskini yule mwanamke, umeshamwapisha mara mbili katika safari moja. Toka hapa, kijana, kabla sijakufungia kwenye behewa la mizigo."

"Tazama tiketi!" Lorne alipaza sauti, na sauti yenyewe ikakatika katikati kama ya mtoto. "Zitazame tu. Dutchak. Kama nadanganya nifungie na mizigo mpaka Edmonton."

McLeish alitoa fungu la tiketi alizokusanya asubuhi, pole pole, ili amuaibishe vizuri mbele ya watu. Akalamba kidole. Akapekua.

"Dutchak, P. Mmoja. Anashuka..."

Aliisogeza tiketi karibu na macho. Akapekua tena.

"Ostby, N. Anashuka Carlow." Sasa aliinua uso. "Huyu Ostby yuko wapi?"

"Anakoroma," alisema Lorne.

Wakatoka mbio.

Ostby alikuwa mtu mkubwa kama kabati. Walimtikisa wawili. Alifumbua jicho moja.

"Tumefika Carlow?"

"Tumeipita karibu saa nzima," alisema McLeish.

Ostby alitoa matusi ya Kinorwe ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. McLeish alimkatiza.

"Nani alikuwa anakuja kukupokea pale? Sema haraka. Kuna bibi kizee ameshuka mahali pako."

Moyo wa Lorne uliruka. Bila shaka! Mtu anasubiriwa na ndugu yake, ndugu anamkuta bibi, anamchukua, anampa chai. Hakuna aliyekufa. Kesho watu wote watacheka.

"Kunipokea?" Ostby aliketi wima. "Hakuna wa kunipokea. Nimeegesha pikipiki yangu ya theluji nyuma ya kibanda. Carlow hakuna mtu tangu Novemba, hata mbwa hakuna."

"Kibanda kina jiko," alisema Mzee Braithwaite, aliyekuwa amefika nyuma yao. "Vibanda vyote vina jiko na kuni. Atawasha. Wazee wa huku wanajua kuwasha moto."

Ostby alijikuna shingo. Akatazama sakafu.

"Jiko lipo," alisema. "Kuni nilizichoma mimi wiki iliyopita nikisubiri treni. Zote. Ilikuwa baridi."

"Hukurudisha?"

"Nilikuwa nirudishe leo."

Kwenye mbuga zile kuna sheria moja isiyoandikwa popote na ambayo hata mlevi haivunji: ukichoma kuni za kibanda, unapasua nyingine unamwachia anayekuja. Hakuna aliyemsema Ostby. Walimtazama tu, na lile jitu likaonekana limepungua kimo.

McLeish alinyanyua redio yake, akaita ofisi inayoongoza treni. Sauti ikajibu kwa mikwaruzo. Treni hairudi nyuma, nyuma yake kuna treni ya ngano yenye mabehewa mia moja. Lakini kuna mafundi wa reli wako maili kumi na mbili kutoka Carlow, wana kigari chao cha injini kinachopita juu ya reli. Wanaondoka sasa hivi. Nusu saa, labda zaidi, kwa sababu theluji imefunika reli.

"Mungu awape mwendo," alisema Mzee Braithwaite.

"Na wewe," alisema McLeish, akamgeukia, "hizi kadi ulichomeka wewe?"

"Mimi."

"Basi umezichanganya."

Mzee Braithwaite alichomoa ile kadi iliyokuwa juu ya Ostby. Zorya, mwandiko wake mwenyewe, herufi za duara alizofundishwa na wamisionari. Aliitazama muda mrefu. Aliigeuza, kana kwamba nyuma kungekuwa na maelezo.

"Siku zote huuliza jina," alisema. "Miaka thelathini na moja. Nasoma kadi, halafu nauliza jina. Leo tumechelewa kwa saa tano, yule mama hasikii lugha yangu, nikasema kadi inatosha." Alimpa McLeish ile kadi. "Ni kosa langu, Bwana McLeish. Andika."

McLeish alitoa kitabu cha taarifa. Hakufurahi, lakini alikitoa. "Unajua maana yake, Clifford."

"Najua. Machi ndiyo nilikuwa nastaafu. Basi, nimekosea kwa miezi miwili."

Kalamu iligusa karatasi.

Lorne alikuwa amesimama pale pale, kati yao, mdomo wazi. Mara ya kwanza alisema moyoni, ngoja kwanza bibi apatikane. Mara ya pili alisema, kukiri hakumpashi bibi joto. Zote mbili zilikuwa hoja nzuri sana, mwalimu wake wa mantiki angezipa alama. Naye alijichukia kwa jinsi zilivyokuja haraka.

Ndipo Mzee Braithwaite alipofanya jambo baya kuliko yote. Alimwekea Lorne mkono begani.

"Asante, mwanangu," alisema. "Umesema ulipoona. Wenzako wengi wangenyamaza. Kama yule mama atapona, atakuwa amepona kwa sababu yako."

"Mimi," alisema Lorne.

"Ndiyo, wewe."

"Hapana. Mimi ndiye. Kadi. Nilizibadilisha mimi."

Mmoja wa wasichana wa Winnipeg alishusha gazeti alilokuwa anajifanya kulisoma.

"Rudia," alisema McLeish.

"Nilizibadilisha mimi. Mzee hakuchanganya kitu. Nilitaka Bwana Ostby apitilizwe. Sikumfikiria bibi. Aliniomba nimwamshe Zorya nikamwambia alale, halafu nikabadilisha kadi yake, halafu nikaenda kula keki."

Keki yenyewe bado alikuwa ameishika. Hakujua aiweke wapi.

Ostby alisimama, taratibu. Lorne alifumba macho akisubiri kofi, na kwa kweli alilitamani. Halikuja.

"Kwa sababu ya kofia?" aliuliza Ostby.

"Kwa sababu ya kofia."

Lile jitu lilikaa tena.

Na Mzee Braithwaite? Aliuondoa mkono wake begani kwa Lorne, polepole, kama mtu anayechukua kitu chake alichokisahau kwa jirani. Kisha akaenda mwisho wa behewa, akasimama akiwapa mgongo.

Wazee wa mbugani husema baridi ya Januari huvunja hata chuma. Lorne angechagua baridi ile kuliko ule mgongo.

McLeish alilifuta jina la kwanza kitabuni, akaandika la pili. "Zorya ni dakika kumi," alisema. "Mwana wa yule bibi anamsubiri kituoni. Nani atamwambia?"

"Mimi nilimshusha," alisema Mzee Braithwaite bila kugeuka. "Nitamwambia mimi."

"Hapana," alisema Lorne. "Tafadhali, mzee. Hapana."

Treni ilipunguza mwendo. Honi ikalia. McLeish alifungua mlango, na baridi ikaingia kama imekata tiketi.

Ilikuwa tarehe kumi na tatu Januari. Kila mtu wa asili ya Ukraine katika mbuga zile, na Lorne alikuwa mmoja wao, anajua siku hiyo ni nini: mkesha wa mwaka mpya kwa kalenda ya zamani, siku ambayo wanaume wazima huvaa pembe na ngozi, wakipita nyumba kwa nyumba wakifanya vituko. Siku ya mizaha yote kuruhusiwa.

Kwa hiyo Mykhailo Dutchak, mkulima wa miaka hamsini, alikuwa amesimama juu ya theluji ya Zorya akiwa mbuzi.

Alikuwa na kinyago cha ngozi, pembe mbili zilizofungwa utepe mwekundu, ndevu za katani, na kengele ya ng'ombe shingoni. Nyuma yake pikapu lilikuwa linanguruma, maana huku hakuna anayezima gari wakati kama huu. Mlango wa behewa ulipofunguka alianza kurukaruka na kuimba.

"Mama! Toka umwone mbuzi! Mbuzi hajala tangu Krismasi! Mama!"

Akashuka Lorne.

Mbuzi alisimama. Kengele iliendelea kulia kidogo, kisha ikatulia.

"Wewe nani, kijana? Mama yangu yuko nyuma yako?"

"Hayupo, bwana."

"Amelala? Namjua mama, akilala hata mabomu... Mama!"

"Bwana Dutchak, hayumo ndani." Lorne alizungumza kwa lugha ya kwao, ile ile ya bibi. "Ameshuka Carlow. Nilibadilisha kadi yake. Ni mimi. Mhudumu alimshusha kwa sababu kadi ilisema hivyo, na kadi ilisema hivyo kwa sababu yangu."

"Usifanye mzaha na mama yangu, kijana."

"Si mzaha. Ulikuwa mzaha. Sasa si mzaha."

Mykhailo alivua kinyago. Uso uliotokea chini yake ulikuwa wa bibi mtupu, macho yale yale, kidevu kile kile. Lorne alitamani kinyago kirudi.

"Carlow hakuna mtu," alisema Mykhailo kwa sauti ndogo.

"Mafundi wa reli wanakwenda. Wameitwa."

"Saa ngapi ameshuka?"

"Imepita kama saa moja na nusu sasa."

"Amevaa nini miguuni?"

"Viatu vya ngozi. Vyeusi. Vya kwenda kanisani."

Mykhailo alikubali kwa kichwa, mara nyingi mno, kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichoweza kukinunua. Halafu akafungua mlango wa pikapu.

"Ingia."

"Mimi?"

"Wewe. Nikimkuta mzima, atataka kukuona. Nikimkuta vingine, mimi nitataka kukuona."

Lorne alimtazama McLeish. McLeish aliitazama saa yake. "Mapadri wako nitawapigia simu mimi," alisema, na hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa. Kitu kizito kikampiga Lorne kifuani: koti la manyoya la Mzee Braithwaite, limetupwa kutoka ngazini.

"Si lako," alisema mzee. "Ni la yule mama. Mfikishie."

Lorne alilikumbatia, akaweka mguu kwenye ngazi ya pikapu.

Redio ya McLeish ikakwaruza.

"...treni, mnasikia? Tuko Carlow. Badili."

Ostby, aliyekuwa amejaza mlango wa behewa, alishika nguzo kwa mikono miwili.

"Tunasikia," alisema McLeish, zamu ya kuzungumza ikiwa yake. "Mnaye?"

"Kibanda kitupu. Bibi hayumo. Badili."

Mykhailo alitoa sauti ambayo si ya mbuzi wala ya mtu.

"Kuna nyayo," redio iliendelea. "Upande uliokingwa na upepo. Za kuingia kibandani ni za mtu mmoja, viatu vidogo vya kike."

"Na za kutoka?"

Mikwaruzo. Mikwaruzo mirefu.

"Za kutoka ni za watu wawili. Viatu vidogo, na buti kubwa. Zinaelekea kaskazini, mbali na reli. Huyu wa buti hakuingia leo. Alikuwa ndani tangu kabla theluji ya usiku haijaanguka. Mnajua ni nani? Badili."

Mykhailo alimgeukia Lorne, akamshika ukosi.

"Ulisema ameshuka peke yake."

"Peke yake. Naapa."

"Basi aliyekuwa amejificha kibandani hakuwa anamsubiri mama yangu. Hata hamjui mama. Alikuwa anamsubiri abiria wa Carlow." Alimwachia ukosi. "Abiria wa Carlow ni nani?"

Lorne aligeuka kuelekea mlango wa behewa. Wote waligeuka.

Nels Ostby alikuwa ameshaanza kushuka, bila koti, bila mzigo, uso mweupe kama ile theluji aliyokuwa anaikanyaga. Na Lorne aliitambua ile sura mara moja, kwa sababu mchana kutwa alikuwa ameivaa yeye. Ilikuwa sura ya mtu aliyesema nusu ya ukweli.

"Msiende kule bila mimi," alisema Ostby. "Akiona gari asilolijua, atafyatua bunduki."